Pua chini, mkia juu: Jinsi tulivyoinua Peugeot 504 ya Guka

Anko alikuwa ashapata mteja. Si mteja wa gari, mteja wa vyuma kuukuu.

Niliwakuta wawili hao uani, nyumbani kwetu Njoro, Jumamosi moja ya mwezi Mei. Jamaa wa vyuma alikuwa anaizunguka Peugeot 504 ya Guka akiigonga kwa kidole, kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni. Mkokoteni wake ulikuwa umeegeshwa kando ya lango, tayari una mabati, friji moja na fremu ya baiskeli.

"Hii imekwisha," akamwambia anko. "Cheki vile imelala mbele. Ni ya kupima kilo tu."

Kusema kweli, hakuwa amedanganya. Gari lilikuwa limeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji mtoni, mkia uko juu. Kule mbele, ukingo wa mudgadi ulikuwa umeshuka hadi ukafunika sehemu ya juu ya tairi. Ukiweka mkono kati ya tairi na bodi, upande wa kulia vidole vinne vilipita. Upande wa kushoto vilipita viwili, tena kwa kusukumiza.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, hajasema kitu. Mimi ndiye niliyepewa jina la Guka, na kwa hivyo kwa mila zetu Shosho huniita mume wake. Akaniangalia.

"Mume wangu, wewe unasemaje?"

Nikajikuta nimesema nitalitengeneza. Sijui nilitoa wapi huo ujasiri. Mimi nafanya kazi ya kurekebisha simu jijini Nairobi. Kitu kikubwa nilichowahi kufungua kilikuwa televisheni ya jirani, na sikuifunga tena.

Shosho akatoa hukumu yake: "Nakupa mpaka Krismasi. Siku ya Krismasi nataka hilo gari linipeleke kanisani. Likishindwa, huyu arudi na mkokoteni wake."

Gari lililolipa karo

Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya tisini na kuja huku, Peugeot ni gari la picha za zamani. Kwa wazazi wetu ilikuwa ndiyo usafiri wenyewe. Kabla ya Nissan na baadaye hizi shato za viti 14, aliyetaka kutoka Nakuru kwenda Nairobi haraka alipanda "Peugeot": steshen wagoni yenye safu tatu za viti, dereva mmoja asiye na kondakta, na mizigo imefungwa kwenye keria juu ya paa. Guka aliendesha ya kwake barabara hiyo kwa miaka mingi. Karo ya baba, ya anko na ya mashangazi wote ilitoka humo.

Gari la 504 lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 likatajwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Afrika haikulipenda kwa sababu ya tuzo. Ililipenda kwa sababu ya miguu yake: springi ndefu na laini zinazomeza shimo bila kumrusha abiria kichwa hadi darini. Lilikuwa limerithi sifa hiyo kutoka kwa kaka yake, 404, aliyeshinda Safari Rally mwaka wa 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Lenyewe 504 likashinda 1975 likiwa na Ove Andersson kwenye usukani, na 1978 aina ya kupe yenye injini ya V6 ikashinda tena mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas.

Ndiyo maana ilikuwa aibu mara mbili kuliona la Guka limelala hivyo. Gari lililosifiwa kwa miguu, miguu ndiyo iliyolishinda.

Kosa langu la kwanza

Injini haikuwa tatizo kubwa. Betri mpya, kabureta ikasafishwa, petroli ya zamani ikamwagwa, na likanguruma. Nikalipeleka polepole hadi gereji moja mjini Nakuru. Njiani kila tuta lilikuwa adhabu. Si kuyumba, bali kugonga: *gbam!* chuma kwa chuma, na usukani unaruka mikononi.

Kijana wa gereji hakuchukua hata dakika tano. Alibonyeza mudgadi mara mbili, akasema, "Shoku zimeenda, bro. Tuweke mpya itasimama fiti."

Nikalipa. Ilikuwa karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Wakafungua miguu ya mbele, wakaweka shoku mpya, wakarudisha kila kitu. Nilipolishusha gari chini kwenye jeki, likalala palepale lilipokuwa limelala. Sikuona tofauti hata ya sentimita moja.

"Itainuka ukiendesha," wakaniambia.

Haikuinuka. Shoku nzuri zilifanya gari lisidundedunde, ni kweli, lakini pua ilibaki chini na zile *gbam* zikaendelea. Anko alipoliona alicheka hadi akakohoa. "Hiyo pesa ungeninunulia mbuzi," akasema.

Springi hubeba, shoku hutuliza

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee ambaye Shosho alikumbuka kwamba ndiye aliyekuwa akimtengenezea Guka gari. Sasa hana gereji. Ana banda nyuma ya nyumba yake, turubai juu, na sanduku la spana lililopauka. Nilipomsalimia, "Shikamoo mzee" yangu ya shule ilimchekesha. "Sema tu habari ya mchana, kijana. Leta hiyo gari nione."

Hakubonyeza mudgadi. Aliniuliza swali: "Ukienda dukani ukanunua godoro jipya, na kitanda kimevunjika mbao, utalala sawa?"

Akanieleza polepole, na tangu siku hiyo sijawahi kusahau. Katika gari kama hili, springi ya koili na shoku zimefungwa pamoja katika mguu mmoja. Lakini kazi ni mbili tofauti. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shoku ya mafuta haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza juu chini baada ya kugonga shimo. Kwa hivyo gari likidundadunda kama mpira, shuku shoku. Gari likilala na kubaki limelala, shuku springi, au kile kinachoishikilia springi.

"Hao vijana walikuwa na springi mkononi wakairudisha ndani," akasema, akitikisa kichwa. "Ndiyo ujue kufungua si kutengeneza."

Nikamuuliza kwa nini springi huchoka. Nilidhani chuma hulegea kama lastiki ya nguo ya ndani. Kumbe sivyo. Springi iliyochoka haijawa laini. Imefupika. Chuma kikibebeshwa mzigo mzito miaka nenda miaka rudi, abiria, magunia ya viazi na mashimo, hujikunja kidogo kidogo kupita kiasi na hakirudi tena pale kilipoanzia. Ugumu wake unabaki karibu uleule, ila urefu umepungua, na gari linakaa chini.

Kutu ndiyo hufanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu inakula unene wa waya. Na unene ndio kila kitu. Nguvu ya springi hufuata unene wa waya ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Nilipiga hesabu kwa simu: waya ukipungua unene kwa asilimia 5 tu, nguvu inapungua kwa zaidi ya asilimia 18. Juu ya hayo, kila kishimo cha kutu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia.

Pima kabla ya kununua

Siku hiyo hatukufungua hata nati moja. Tulipima. Mzee alitaka gari liwe mahali palipo sawa kabisa, kwa hivyo tukalisukuma hadi kwenye sakafu ya saruji ya jirani. Tukajaza upepo magurudumu yote ya mbele kiwango sawa, kwa maana tairi lenye upepo mdogo linaweza kukudanganya kwamba springi imekufa. Tukatoa kila kitu kwenye buti. Tukalisukuma mbele na nyuma kidogo ili miguu itulie.

Kisha futi kamba: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudgadi. Tulipima hivyo, si kutoka ardhini, ili ukubwa wa tairi usituchanganye. Kulia tulipata sentimita 36. Kushoto 33 na nusu.

Mzee akanyamaza muda mrefu.

"Springi za gari moja zimebeba mzigo mmoja, zimetembea barabara moja," akasema. "Zinachoka pamoja. Tofauti ya senti mbili na nusu, hapo kuna kitu kingine."

Akanionyesha pia magurudumu. Tairi zote za mbele zilikuwa zimelika upande wa ndani, huku nje kukiwa bado na meno. Mguu ukishuka kupita kiasi, gurudumu linainama, juu linaingia ndani, na tairi linakanyaga kwa ukingo. Pua ikishuka, hata usukani unakosa ile tabia ya kujirudisha wenyewe baada ya kona. Na breki? Ukikanyaga, uzito wote unakimbilia mbele, na mbele hakuna tena nafasi ya kushuka. Mguu unagonga mpira wa kizuizi, tairi linaanza kuruka badala ya kushika lami.

Nilikuwa nafikiria sura ya gari tu. Sikuwa nimefikiria kwamba nilikuwa nimepanga kumbeba Shosho humo.

Kovu kidevuni

Jumamosi iliyofuata tukafungua. Au tuseme yeye alifungua, mimi nikashika tochi.

Tulilegeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Tukainua kwa jeki, kisha tukaweka stendi za chuma chini ya chesisi, pande zote mbili. Mzee hakuingiza hata mkono chini kabla ya kulitikisa gari kuhakikisha limekaa. "Jeki ni ya kuinua. Si ya kushikilia," akasema. Mawe na matofali hakutaka kuyaona kabisa. Tofali hupasuka bila kukupa taarifa.

Breki ikatolewa na kufungwa kwa waya juu ya bodi. Hatukuiacha ining'inie kwa paipu yake, maana ile paipu ya mpira ikivutwa hukatika ndani bila wewe kuona. Boljointi ya chini, kiungo cha usukani, kisha nati za juu ndani ya boneti, na mguu mzima ukatoka.

Hapo ndipo aliponiita karibu na kuninyooshea kidevu chake. Kuna kovu refu, limefichwa na ndevu nyeupe.

"Mwaka huo nilikuwa rika lako. Nilifungua nati ya katikati nikiwa sijabana springi."

Springi ya koili iliyo ndani ya mguu wa gari imebanwa hata gari likiwa hewani. Nati ile moja ya katikati, juu kabisa, ndiyo inayoizuia isiruke. Ukiifungua kabla ya kuibana springi kwa kibano chake maalum, kile kikombe cha juu kinaondoka kama risasi. Mzee alitumia vibano viwili vyenye ndoana, kimoja kila upande, akivikaza kwa zamu: mizunguko michache huku, mizunguko michache kule, ili springi isijipinde. Hakusimama mbele ya ncha hata mara moja, na mimi alinifukuza hadi mlangoni. Aligusa nati ya katikati pale tu springi ilipoanza kucheza ndani ya vikombe vyake.

Niseme wazi: kama hujawahi kufanya kazi hii, usijifunze peke yako kwa video ya simu. Tafuta mtu aliye na vibano vizuri. Kamba, waya na cheni za pikipiki si vibano.

Kilichokuwa kimejificha

Springi zote mbili ziliposimamishwa sakafuni, zilikuwa na urefu sawa. Mzee alikuwa amesema kweli. Zilikuwa zimechoka pamoja.

Basi kwa nini kushoto kumeshuka zaidi? Akachukua bisibisi na kuanza kukwangua ndani ya boneti, pale mguu wa kushoto unaposhikwa na bodi. Kulikuwa na tope gumu, grisi nyeusi, na rangi iliyopakwa juu ya rangi. Alisukuma kidogo. Bisibisi ikapita.

Sikuhitaji kuambiwa. Mguu wa mbele wa gari la aina hii haushikiliwi na kitu kingine huko juu ila bati hilo. Uzito wote wa kona ile unapitia hapo. Bati lilikuwa limeliwa na kutu kuzunguka tundu lote, likaanza kujikunja kwenda juu, na ule mpira wa juu nao ulikuwa umebonyea kama chapati. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti ya sentimita mbili na nusu.

"Ungeweka springi mpya hapa," mzee akasema, "ingekuwa ni kusukuma bati lililooza kwa nguvu zaidi. Siku moja kwenye tuta, mguu ungetokea kwenye boneti."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimelipia shoku, sasa springi, sasa uchomeleaji. Nilimpigia Shosho simu kumwambia pengine anko alikuwa na haki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja: "Huyo mzee amesema haiwezekani?"

Nikamuuliza mzee. Akasema, "Sijasema haiwezekani. Nimesema haiwezekani haraka."

Njia za mkato, na kwa nini tulizikataa

Kwa wiki kadhaa kila mtu alikuwa na ushauri. Huu hapa, pamoja na majibu ya mzee.

Wa kwanza: weka mipira ya kuingiza kati ya mizunguko ya springi. Ni rahisi na gari litainuka siku hiyohiyo. Mzee hakuipenda. Mizunguko iliyoshikwa na mpira haifanyi kazi, kwa hivyo ile iliyobaki inabeba kazi yote. Springi ya zamani yenye kutu ni rahisi kuvunjika hapo, na mpira nao unaweza kuchomoka barabarani.

Wa pili: ipeleke kwa jua kali waichome moto na kuivuta irefuke. Hili ndilo lililomkasirisha zaidi. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa kipimo ili kiwe na ile tabia ya kurudi. Ukikipasha moto kwa gesi hadi kiwe chekundu, umeua tabia hiyo. Itaonekana ndefu leo, baada ya mwezi italala kuliko mwanzo, au itakatika.

Wa tatu: kata mzunguko mmoja wa springi za nyuma ili mkia ushuke ulingane na pua. Gari litaonekana limenyooka, na vijana wengine hulipenda likiwa chini. Lakini springi iliyokatwa huwa fupi na ngumu zaidi, safari ya mguu inapungua, na tatizo la mbele liko palepale. Hapo umekuwa na matatizo manne badala ya mawili.

Wa nne: weka springi za gari lingine lolote zinazoingia. Kuingia si kutosha. Gari la dizeli lina injini nzito kuliko la petroli, na springi zake za mbele hutengenezwa kwa uzito huo. Unene wa waya, upana, idadi ya mizunguko na jinsi ncha zinavyokaa kwenye kikombe, vyote lazima vilingane.

Kuitafuta jozi

Kazi ya bati ilifanywa kwanza. Mchomeleaji alitoa betri, akasogeza nyaya, akakata kutu yote hadi akafika kwenye chuma kinachong'aa. Mzee alikuwa amesimama hapo kuhakikisha hakuna kiraka kinachobandikwa juu ya uozo. Bati jipya lilikuwa na unene sawa na la zamani, likapimwa dhidi ya upande wa kulia ili tundu likae mahali pake. Likapakwa rangi ya kuzuia kutu ndani na nje.

Mimi nikarudi Nairobi kutafuta springi. Ukishuka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utaambiwa kila kitu kipo. "Ya Peugeot? Kuja, kuja!" Nililetewa springi za gari la Kijapani zikiwa zimepakwa rangi nyeusi bado mbichi. Nililetewa moja tu, isiyo na mwenzake. Mzee alikuwa amenionya: springi hubadilishwa mbili mbili, na ukiona rangi mpya, kwangua uone kilicho chini yake.

Nilibeba springi moja ya zamani kwenye gunia begani, na karatasi yenye vipimo: unene wa waya nilioupima mahali pasipo na kutu, upana wa nje, idadi ya mizunguko. Safari ya kwanza nilitoka mikono mitupu, na ya pili pia. Ya tatu, muuzaji mmoja mzee alitazama gunia langu akatabasamu, akapanda ngazi hadi juu darini. Alishuka na jozi iliyokuwa bado na karatasi ya mafuta, vumbi la miaka mingi juu yake. Tukaziweka kaunta sambamba na ya Guka. Unene mmoja, mizunguko ileile. Urefu, mpya zilizidi ya zamani.

Pesa ya simu niliyokuwa najiwekea ikaishia hapo. Bado natumia hii yenye kioo cha nyufa, na ndiyo, najua mimi ndiye fundi wa simu.

Kaza likiwa limesimama

Tulifunga mwishoni mwa Novemba. Mzee alinipa spana, yeye akashika tochi. Mipira mipya ya juu, mipira ya vizuizi, boljointi mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa inacheza, na bushi za mikono ya chini.

Kuna jambo moja ningelikosea kama si yeye. Bushi za mpira hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye stendi. Ukizikaza hapo, mpira unashikwa miguu ikiwa imenyooka chini. Ukishusha gari, kila bushi inabaki imejipinda siku zote na itapasuka mapema. Unafunga bolti kidogo tu, unashusha gari, unalisukuma, unalibonyeza mara kadhaa, kisha ndipo unakaza hadi mwisho uzito ukiwa kwenye magurudumu.

Tukapima tena. Kulia 40 na nusu. Kushoto 40 na nusu.

Mzee hakusema kitu. Alirudisha futi kamba mfukoni na kwenda kunawa mikono. Mimi nilizunguka gari mara tatu nikilipiga picha kama mtu aliyepata mtoto.

Tuliliendesha kwa wiki moja kabla ya kulipeleka kwenye mashine ya alaimenti, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo zinapozoea mzigo. Zilishuka nusu sentimita, pande zote sawa. Baada ya magurudumu kunyooshwa na taa za mbele kurekebishwa, kwa maana pua ikiinuka taa nazo huinuka na kumulika macho ya wenzako, kazi ikawa imeisha.

Krismasi

Asubuhi ya Krismasi Shosho alitoka na kitenge kipya na mkoba wake mweusi. Alilitazama gari kutoka mbele, kisha kutoka kando. Alipita mlango wa nyuma niliokuwa nimemfungulia, akaketi mbele.

Kati ya kwetu na kanisani kuna tuta moja ambalo kaunti ililijenga kama ukuta. Nilipunguza mwendo, nikakaza meno kusubiri ile *gbam*. Pua ilipanda, ikashuka, ikatulia. Kimya. Nilisikia tu mkufu wa rozari uliofungwa kwenye kioo ukigonga mara moja.

"Hivyo ndivyo lilivyokuwa," Shosho akasema, na hakuongeza lingine hadi tulipofika.

Anko alikuja baada ya ibada, akaingiza mkono wake kati ya tairi na mudgadi, kushoto. Kiganja kizima kikapita. Akaniuliza kama naweza kumwachia ufunguo alasiri, anataka tu kwenda mjini mara moja.

Nilimwambia aulize mwenye gari.

Kama nawe una mkweche unaolala mbele

Kila mwaka jijini Nairobi, magari ya zamani hupangwa Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, na majaji huyakagua hadi chini. Si lazima ufike huko. Lakini haya nimejifunza kwa pesa yangu:

- Pima kwanza, gari likiwa limesimama mahali palipo sawa na upepo wa tairi ukiwa sawa. Andika namba za pande zote.
- Usinunue shoku kutibu gari lililolala. Shoku haibebi uzito.
- Upande mmoja ukiwa chini zaidi, tafuta kutu, mpira wa juu uliobonyea au springi iliyovunjika kabla ya kulaumu kuchoka.
- Badilisha springi mbili mbili, na zilingane na injini ya gari lako.
- Usichome springi moto na usiingize mipira katikati yake.
- Usiguse nati ya katikati bila vibano, na usiingie chini ya gari lililo kwenye jeki pekee.
- Kaza bushi gari likiwa chini, endesha siku chache, kisha fanya alaimenti na upime taa.

Na la mwisho halimo kwenye sanduku la spana. Mtaani kwenu kuna mzee aliyekuwa fundi wa magari haya, ameketi nyuma ya nyumba na hakuna anayemuuliza kitu. Mpelekee gari, umshikie tochi.